Barabara, mizani na karatasi: historia ya mazao ya kuuza nje huku kwetu Ituri



Tangu watu walipoanza kurudi vijijini, swali moja linarudi kila mara mu mikutano yetu. Mtu anafika kwao Djugu, Irumu, Mahagi ao Mambasa. Anakuta nyumba imeanguka, lakini kahawa yake ingali imesimama, imekuwa pori. Mwingine anakuta kakao yake ni nzuri kabisa, kumbe kuna mtu mwingine anayeivuna. Anauliza: nikate miti hii nipande muhogo na maharagi, ao niisafishe nikingojea bei? Na wakati wa kungojea, watoto watakula nini?

Swali hili si la leo. Babu zetu walijiuliza vile vile juu ya pamba, baba zetu juu ya kahawa. Njo maana tumeona vizuri kuandika historia hii kidogo, ili kila mmoja aamue akijua yaliyotangulia.

Ukiifuata miaka hii mia moja, utaona jambo moja linarudia. Zao la kuuza nje halikumlipa sana mwenye jembe. Lililipa mwenye barabara, mwenye mizani na mwenye karatasi. Pale mkulima aliposhika hata kimoja cha hivi vitatu, alipata kitu. Pale vyote vitatu vilipokuwa mu mikono ya wengine, alibaki na jasho lake tu.

Pamba ya Bula Matari

Mwanzo ilikuwa pamba. Mwaka 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri ya kuruhusu kulazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Aliyesukuma sana mpango huo alikuwa Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo cha koloni. Mwaka 1921 dekre nyingine iligawanya inchi mu zoni za pamba. Ndani ya kila zoni, kampuni moja tu njo ilikuwa na haki ya kununua. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ni Cotonco, iliyoundwa mwaka 1920. Kwetu pamba ililimwa upande wa Mahagi, na zaidi kule kaskazini, mu Uele.

Mkulima hakuchagua kitu. Kapita na monita walimpimia shamba na kumwambia siku ya kupanda. Mnunuzi alikuwa mmoja. Bei ilipangwa juu, kampuni ikiisha kutoa gharama ya usafiri na faida yake; kilichobaki njo kilikuwa cha mkulima. Aliyekosa kulima alijua fimbo na kifungo. Hata franka chache alizopata, nyingi zilirudi kwa kodi. Wakati wa vita ya pili, mwaka 1942, siku za lazima ziliongezwa mpaka 120 kwa mwaka. Hiyo ni karibu siku moja juu ya tatu.

Tena pamba haipikwi. Siku ulizotoa kwa pamba hukuzitoa kwa ulezi wala kwa maharagi. Mtu aliyepata bei mbaya ya maharagi anaweza kuyala. Aliyepata bei mbaya ya pamba analala njaa. Tukumbuke hilo tutakapofika kwa kakao.

Pamoja na pamba kulikuwa dhahabu. Ilionekana huku kwetu mwaka 1903, na tangu 1926 kampuni ya Kilo-Moto iliajiri maelfu ya watu. Watu hao walipaswa kula, na chakula chao kilitoka vijijini, mara nyingi kwa lazima vile vile. Lakini kulikuwa na tofauti: soko la chakula lilikuwa karibu. Muhogo na maharagi havikungoja meli ya Ulaya.

Njia mbili za kufika baharini

Ituri iko mbali na bahari zote mbili. Zao likitoka huku kufuata njia ya magharibi, lilipakiwa mu kamio mpaka Mungbere. Pale lilikuta treni ndogo ya Vicicongo, iliyofika Mungbere mwaka 1937, likapelekwa Aketi. Kutoka Aketi lilipanda mashua mpaka mto Kongo, likashuka Léopoldville, likapanda treni tena mpaka Matadi. Njia ya mashariki nayo ilipita Ziwa Albert: kutoka Kasenyi ao Mahagi-Port kwa mashua mpaka Butiaba, kwa kamio mpaka Masindi Port, kwa mashua tena juu ya Ziwa Kyoga mpaka Namasagali, halafu treni mpaka Mombasa.

Hesabu mara ngapi gunia lilipakuliwa na kupakiwa tena. Kila mahali mtu alilipwa: mwenye kamio, mwenye mashua, mwenye depo, mwenye treni. Malipo hayo yote yalitolewa mu bei ya mkulima, sababu bei ya Ulaya ilikuwa ile ile kwa pamba ya Mahagi na kwa pamba ya karibu na bahari. Vile njo barabara inavyokula bei.

Leo treni ya Mungbere haitembei tena. Lakini hesabu haijabadilika. Kahawa ya Mahagi inavuka Goli, ya Aru inavuka Vurra, kakao ya Mambasa na Irumu inashuka Beni mpaka Kasindi. Juu ya RN27 na RN4, kila barieri inachukua chake. Mnunuzi hatoi pesa hiyo mu mfuko wake. Anaitoa mu kilo yako.

Kahawa na karatasi ya kwanza

Kahawa ilikuja na karatasi. Tangu 1885 Dola ya Kongo ilikuwa imeandika kwamba ardhi tupu ni ya dola. Lakini ardhi tupu ni nini? Shamba lililopumzishwa miaka mitano ili lipate nguvu, mzungu aliliita tupu. Malisho ya ngombe, tupu. Mu ardhi hizo walowezi walipewa konsesyoni, wakapanda kahawa ya arabika mu milima ya Djugu na Mahagi, kwa sababu kule juu kuna baridi na mvua ya kutosha. Robusta ilipandwa inchi za chini na upande wa msitu. Taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, ilifungua kituo Nioka, na kituo hicho tunakijua sote mpaka leo kwa jina la INERA.

Watu wetu waliingia mu plantasyoni kwa mkono, si kwa jina. Walipalilia, walichuma, walikausha. Walijifunza kazi yote ya kahawa. Kitu kimoja hawakupata: karatasi ya ardhi.

Tuangalie jirani kidogo. Kule Kilimanjaro, mu Tanganyika, Wachaga walipanda kahawa yao wenyewe mu migomba, hata walowezi walipolalamika. Mwaka 1925 waliunda chama cha wapandaji, wakauza pamoja. Mu miaka ya 1930 kikageuka kuwa KNCU, koperative iliyodumu. Ardhi ilikuwa yao kwa desturi, na mizani ilikuwa ya chama chao. Haikuwa paradiso: mwaka 1937 wakulima wenyewe walifanya fujo, wakilaumu chama kwa bei ya chini na kwa kuwalazimisha kuuza kwake tu. Mafundisho ni mawili. Kuuza pamoja kunasaidia. Na mizani ya chama chenu inapaswa kuchungwa kama mizani ya mgeni.

Mwaka 1973

Mwaka huo mmoja ulitubadilishia mambo mawili. Tarehe 20 julai 1973 sheria ya ardhi ilisema udongo wote wa Zaire ni mali ya dola. Juu ya ardhi ambayo jamii za vijiji wanaishi ao wanalima, kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Ordonansi hiyo watu waliingojea miaka makumi bila kuiona. Mkulima wa kijiji akabaki na ardhi ya babu yake bila karatasi, mbele ya yeyote aliyejua njia ya ofisi.

Halafu tarehe 30 novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasyo. Plantasyoni na maduka ya wageni zilichukuliwa, zikapewa Wazaire. Wazaire gani? Si wale waliochuma kahawa miaka 20. Mara nyingi ni wale waliokuwa karibu na chama na dola. Wengine walilima vizuri. Wengine waliuza kamio na mashini, wakaacha kahawa iwe pori. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma, wageni wakaruhusiwa kurudi, lakini mu ardhi ya Ituri hesabu zilikuwa zimekwisha kuvurugika: konsesyoni zilikuwa na majina mapya, na vijiji vya kando vilikuwa na kumbukumbu ya zamani.

Hapa kuna jambo moja la sheria ambalo kila memba anapaswa kulijua. Sertifika ya kusajili ardhi, kama miaka miwili imepita bila mtu kuipinga mbele ya tribinali, inakuwa ngumu sana kuivunja. Kuna watu waliopata habari ya karatasi wakati miaka miwili ilikuwa imekwisha pita. Mwaka 1999, ugomvi juu ya mipaka ya konsesyoni mu Walendu-Pitsi, teritwari ya Djugu, uligeuka vita. Makabila hatuyataji hapa. Kila msomaji anayajua, na chama chetu kina watu wa pande zote. Vita ilikuwa na sababu nyingi: dhahabu, siasa, majeshi ya inchi jirani. Ilipofika 2003, watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa, kwa hesabu inayotolewa na Umoja wa Mataifa na mashirika ya haki za watu. Lakini cheche ya kwanza ilitoka mu mpaka wa shamba. Na tangu mwisho wa 2017, Djugu ilipowaka tena, wengi wetu tulijifunza neno kambi mara ya pili.

Bei ya juu, bei ya chini

Wazee wanapenda kusimulia wakati kahawa ilikuwa dhahabu ya kweli. Walikuwa na haki. Mwezi wa saba 1975 baridi kali iliua mikahawa mingi sana Brazili, na mwaka 1977 bei ya dunia ilikaribia dola 7 kwa kilo. Lakini ndani ya inchi, dola ilibadilishwa kwa kiwango cha uongo, na mkulima alilipwa zaire zisizonunua kitu. Njo maana magunia yalivuka mpaka usiku, yakarudi mabati, baiskeli, sabuni na vitambaa. Serikali iliita magendo. Watu waliita maisha. Kwa mara moja wadogo walikuwa wameshika barabara, ingawa ilikuwa njia ya porini.

Halafu mambo matatu yalikuja pamoja. Kwanza, mwezi wa saba 1989 mapatano ya dunia yaliyopanga kiasi cha kahawa kila inchi inaweza kuuza yalivunjika, na bei ilianguka karibu nusu mu miezi michache. Pili, ugonjwa wa kukausha robusta, trakeomikosi, ulioanza kuonekana upya upande wa Isiro, ulishuka kusini mpaka Beni, na mwaka 1993 ulionekana Uganda. Ni kuvu inayoziba njia ya maji ndani ya mti: majani yanageuka manjano, mti unakauka wima, na dawa ni kuung'oa na kuuchoma palepale. Tatu, ilikuja vita. Mwishoni mwa miaka ya 1980 inchi yetu iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Miaka hii hesabu ya serikali inazunguka tani 10,000, ijapokuwa ingine nyingi inavuka bila kuandikwa.

Tuone hilo vizuri. Bei ilirudi kupanda mara nyingine baadaye. Ugonjwa unaweza kupata mbegu yenye kuvumilia. Lakini mti wa kahawa unaomba miaka mitatu ao minne kabla ya kukulipa, na vita haikutupa miaka minne ya mfululizo.

Kakao ya leo

Sasa ni zamu ya kakao. Upande wa Mambasa na Irumu, wengi waliopoteza robusta walipanda kakao. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, haijaonekana hata siku moja, sababu Côte d'Ivoire na Ghana, zenye kutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipata mavuno mabaya. Mwaka 2025 ikashuka kwa nguvu. Aliyepanda mu 2024 kwa kufuata bei ile hatavuna kabla ya 2027 ao 2028, na bei ya siku hiyo hakuna anayeijua.

Na bei ya juu haikuleta furaha tu. Watu walifukuzwa mu mashamba na waasi wa ADF na vikundi vingine, na kakao ikavunwa na mikono mingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba kakao ya maeneo ya vita inavuka Uganda na kuuzwa kama ya kule. Mu msitu, kakao iliyokomaa ni kama ngombe aliyefungwa: mwenyewe akikimbia, hakosi mwizi.

Kuna jambo jipya upande wa Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria: kahawa na kakao iliyolimwa mahali msitu ulikatwa baada ya tarehe 31 desemba 2020 haitapokelewa, na muuzaji anapaswa kuonyesha shamba liko wapi juu ya karata. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekwisha anza kuuliza. Kwa sisi wenye kurudi, hii ina upande mzuri. Shamba la zamani, lililokuwa shamba kabla ya 2020, lina thamani kuliko shamba jipya lililofunguliwa mu msitu. Kahawa ile ya pori uliyotaka kukata inaweza kuwa ushuhuda wako.

Tufanye nini basi?

Turudi kwa swali la mwanzo: nikate ao ningojee? Historia inaonyesha njia ya kati.

Usikate yote kwa mara moja. Kwa desturi zetu, mti wa miaka mingi ni alama ya mwenye ardhi. Njo maana wenye ardhi wanakataza mpangaji kupanda kahawa. Ukiung'oa mti uliopanda mwenyewe, umefukuza shahidi wako. Kahawa ya zamani ikatwe shina kidogo kidogo, mstari kwa mstari. Itatoa machipukizi na kuzaa tena karibu mwaka wa pili, na katikati ya mistari iliyofunguliwa maharagi na mahindi yanapata jua. Kakao changa inapenda kivuli cha ndizi, na ndizi inaliwa. Robusta yenye trakeomikosi njo peke yake inapaswa kung'olewa na kuchomwa bila kungoja. Tumbo kwanza, bei baadaye, miti yote miwili mu shamba moja: hilo babu wa pamba hakuruhusiwa kulifanya. Wewe unaruhusiwa.

Usiuze kahawa ingali maua. Anayekupa pesa mwezi wa njaa ili achukue mavuno kwa bei aliyoitaja yeye, huyo ameshika mizani yako kabla hujavuna. Hapa likelemba na mfuko wa chama vina kazi ya kweli: mkopo mdogo wa miezi mitatu unaweza kuokoa mavuno ya mwaka.

Andika shamba lako. Sertifika ni ghali na wengi hawataipata karibuni. Lakini karatasi yenye majina ya majirani wa pande zote nne, sahihi ya shefu, hesabu ya miti na mwaka ilipopandwa, ni bora kuliko maneno. Na kama mwingine amepanda mu shamba lako wakati ulikuwa kambini, usianze na panga wala na polisi. Mavuno yaliyokwisha, miti aliyopanda yeye na ardhi iliyo yako ni mambo matatu mbalimbali, na wazee wanaweza kuyatenganisha kama wote wawili wanakaa chini. Moto wa 1999 ulitoka mahali kama hapo.

Kwa ndugu wafadhili, tunashukuru kwa miche mliyotoa. Tunaomba muone pia kwamba miche peke yake inarudia historia: mti kwa mkulima, faida kwa wengine. Mizani moja ya kikundi iliyopimwa vizuri, shitingi za kukaushia, masanduku ya kuchachushia kakao siku tano ao sita, na franka za kwenda kwa shefu na ofisi ya ardhi: hivyo ni vitu vidogo, lakini ndivyo vilivyokosekana kila mara.

Kabla ya msimu kuanza, tunaomba kila kikundi kilete mu mkutano orodha yake: mashamba yaliyopatikana, yaliyo na ugomvi, miti inayoishi, na jina la mtu anayechunga mizani. Yule wa mizani achaguliwe mbele ya wote, na abadilishwe kila mwaka.

Amani na mvua nzuri kwa wote.